Sababu za Kifamilia

9 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kitini, si umesimama juu ya stuli ukifuta vioo vya madirisha kama nilivyokuacha. Msalimie dada na mapacha wake, na mjomba pamoja na meno yake mapya. Ningekupigia simu, lakini tangu mashine za kiwanda cha nguo zikuchukulie masikio, wewe mwenyewe husema simu kwako ni kipande cha sabuni, na meseji ni maneno ya mtu anayekimbia. Basi nimekaa, naandika.

Chumba nimepata. Dirisha lake linatazama ukuta wa jirani, lakini ukuta wenyewe umepakwa rangi nzuri ya samawati. Godoro ni gumu, kama daktari alivyotaka.

Kazi yangu iko masjala. Ni chumba kirefu chenye rafu za chuma kutoka sakafuni hadi darini, na mafaili yamebanana humo kama watu kwenye foleni. Faili likiitwa, nalitoa, wakilichoka, nalirudisha. Mkuu wetu wanamwita Mama Mhuri, kwa kuwa hakuna karatasi inayotoka pale bila yeye kuigonga mhuri, na anagonga kama anayeua mende. Siku ya kwanza aliniita mezani kwake.

"Miezi sita ya majaribio," akasema. "Aliyekutangulia alikuwa anaugua kila Jumatatu. Jumanne mzima. Unaelewa?"

"Naelewa, mama."

"Wewe unaugua?"

"Hapana, mama."

Ndivyo nilivyojibu, Shangazi. Lilitoka lenyewe kabla sijalipima.

Pampu haionekani. Wewe uliiona siku niliyotoka chumba cha upasuaji, tumbo likiwa bado limevimba. Sasa imetulia chini ya ngozi, upande wa kushoto, kama kopo la rangi ya viatu, na mrija wake unazunguka kiuno kwa ndani mpaka kwenye uti wa mgongo, ukidondosha dawa ya maumivu tone kwa tone. Nimeongeza saizi ya shati. Lakini mwezi ujao lazima nirudi hospitali ikajazwe, na kutoka hapa ni safari ya siku nzima. Nikisema ukweli, nitaonekana mgonjwa, na wagonjwa Mama Mhuri hawathibitishi kazini. Nikinyamaza, dawa itaisha. Nalala nikiliwaza hilo, naamka nikiliwaza hilo.

Usihangaike. Nimekuandikia tu ili nisiwe peke yangu nalo.

Mwanao,
karani

26 Februari

Baba yangu,

Marahaba. Barua ilinikuta juu ya stuli. Vioo havijifuti.

Sisi hatujambo. Mapacha wameota meno, mjomba wako amepoteza yake: aliyaweka mfukoni mwa koti, koti likaenda kwa dobi, na dobi anaapa hakuona kitu. Sasa mjomba anakula uji na kumlaani dobi kwa maneno ambayo bila meno hayaeleweki. Mimi nasoma midomo tangu kiwandani, lakini midomo yake imenishinda.

Nenda kwa huyo mama, mwambie. Usiende na hotuba. Sema, "Nina pampu ya dawa tumboni kwa ajili ya mgongo, inajazwa kila baada ya miezi miwili, siku hiyo sitakuwepo." Sentensi moja, baba. Mtu anayegonga mhuri kwa nguvu mara nyingi ni mtu anayependa kitu kiishe.

Barua yako ina kurasa mbili. Nimeona rafu, nimeona ukuta, nimeona godoro. Mgongo haumo. Unaumaje?

Shangazi yako

20 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa meno ya mjomba. Hapa mvua imeanza, na masjala inanuka karatasi mbichi. Nina rafiki mmoja kazini, karani mwenzangu, msichana mcheshi anayeimba akipanga mafaili. Mama Mhuri akiingia, wimbo unageuka kikohozi.

Hospitali nimekwenda na nimerudi. Usiogope, ni jambo dogo kuliko linavyosikika. Nesi ananilaza, anaweka juu ya tumbo kifaa mfano wa simu, nacho kinamwonyesha dawa iliyobaki. Kisha anapapasa mpaka apate katikati ya pampu, anachoma sindano kupitia ngozi, anavuta dawa ya zamani, anaingiza mpya. Inauma kama siafu mmoja mwenye hasira. Nesi mwenyewe ni mwenye maneno. Aliniambia, "Wewe kijana, tarehe yako usiichezee. Dawa ikikaribia kuisha, pampu italia. Ikiisha kabisa, utalia wewe. Mwili umeshaizoea, utatetemeka, utatoka jasho, na maumivu yatarudi na ndugu zake wote."

Ruhusa niliipata bila taabu. Nilisema ni sababu za kifamilia. Mama Mhuri alitikisa kichwa tu, akagonga.

Na wewe Shangazi, kifua hakikusumbui? Hukohoi usiku? Naomba unijibu kwa kweli, nimekuwa nikikuwaza sana.

Mwanao

14 Aprili

Baba,

Tangu lini nina kifua? Miaka yote nimevuta vumbi la pamba na sijakohoa, nije nikohoe sasa nikivuta hewa ya bure? Dada yako alisoma barua yako akanitazama kama anayepima urefu wa jeneza. Mimi ni mzima. Jana nilibeba ndoo mbili mpaka ghorofa ya pili, nikampita kijana wa jirani njiani, naye alikuwa mikono mitupu.

Meno yamepatikana. Yalikuwa kwenye koti lingine. Mjomba amemwomba dobi radhi, lakini kwa sauti ndogo.

"Sababu za kifamilia" maana yake nini? Kwa hiyo hukumwambia.

Na mgongo? Nauliza mara ya pili.

Shangazi yako

2 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Pampu imejazwa tena mwezi wa tano, salama. Safari hii nilipewa siku tatu, nikapumzika.

Watu wa ofisini wamekuwa wema kwangu kupita kiasi. Karani mwenzangu ananifungulia mlango. Mama Mhuri aliniletea chai mpaka mezani, yeye ambaye haletewi wala haleti. Nilikitazama kikombe kile mpaka kikapoa.

Nina wazo. Hujafikiria kwenda kukaa kwa mjomba wiki mbili tatu, ubadilishe hewa? Nyumba yake ina kivuli. Au dada akupeleke popote pale. Nadhani ingekufaa mwezi huu hasa.

Sina mengine.

Mwanao

30 Juni

Baba yangu,

Barua yako ya tarehe mbili ilifika mapema. Sikuijibu. Nilikuwa na sababu za kifamilia.

Mapacha wanatambaa. Mjomba ni mzima na meno yako mdomoni. Sasa nikwambie habari yangu.

Jumamosi moja nilikuwa nafagia, mlango wazi. Nikainua macho, nikaona watu watatu ukumbini wamevaa nguo za giza: mama mnene mwenye mkoba mkubwa, msichana, na mwanamume ameshika kofia mkononi. Unajua mimi huwasikia watu kwa macho. Lakini watu wa msiba hawafungui midomo. Nikipata neno moja, mawili yanapotea. Nikaona "karani wetu". Nikaona "pole". Nikaona "marehemu".

Hapo, baba, sitaandika nilichofikiri. Nilishika mwimo wa mlango, na ufagio sijui ulikwenda wapi.

Nikamwambia yule mama, "Sema tena. Taratibu. Nitazame usoni, mimi ni kiziwi."

Akanisogelea, akanishika mkono. "Tumekuja kutoa pole kwa familia. Kwa ajili ya shangazi yake."

"Shangazi yake nani?"

"Karani wetu. Shangazi yake aliyemlea. Aliyefariki mwezi uliopita, baada ya kuugua kifua."

Baba yako alikuwa na dada mmoja tu, na huyo ni mimi. Nilitazama mikono yangu, iko. Na nikwambie, sijawahi kupewa habari nzuri kama ile. Niliyekufa ni mimi! Nilicheka. Kisha nikaona nyuso zao, nikakigeuza kicheko kiwe kilio, nacho kikakubali upesi kuliko nilivyotarajia.

"Na wewe ni nani yake?" akaniuliza msichana.

"Mdogo wake," nikasema. Kama nimekufa, angalau nipungue umri.

Nikawakaribisha. Nikapika chai. Wakaniuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Nikasema alikuwa mkali lakini mkarimu, na mapishi yake na sura yake havikuwa na mfano. Yule mwanamume, dereva wao, akaomba kikombe cha pili. Yule mama akasema, "Kijana wenu ni mwadilifu sana. Tunampenda. Lakini amekuwa mpweke." Akaniambia gari la ofisi lilikuwa limekuja mji huu kuchukua mafaili ya zamani, wakaona si uungwana kupita bila kubisha hodi, maana wewe mwenyewe uliandikisha anwani hii ulipoajiriwa. Nikasema ahsante. Wakaondoka. Nikaosha vikombe.

Sikukusaliti. Ningeweza. Lakini sikukusamehe bado, na usiniulize kama nilikula siku ile.

Sasa nisikilize. Kiwandani nilianza kupoteza masikio nikiwa na umri mdogo kuliko wako. Sikumwambia mtu. Msimamizi akitania, wenzangu wakicheka, nami nilicheka. Nimecheka vichekesho vingi ambavyo mpaka leo sijui vilihusu nini. Niliogopa wangeniondoa kwenye mashine. Labda wangeniondoa. Labda wangenipeleka chumba cha kukunjia vitambaa, kimya, na leo ningewasikia mapacha hawa wakilia. Sijui. Hilo ndilo linalonisumbua, baba, kwamba sitajua kamwe.

Wewe hujafika huko. Pampu yako itajazwa tena baada ya wiki chache. Safari hii utamuua nani? Amebaki mjomba, naye anapenda sana kuishi. Mimi sifi tena. Nenda kwa yule mama. Mkono wake ulikuwa na joto, nimeushika.

Na mgongo. Mara ya tatu.

Shangazi yako, ambaye bado anapumua

11 Agosti

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa chini, na kuinuka kukawa kazi. Nimeandika majibu matatu nikayachana, kwa sababu yote yalikuwa yanajitetea. Hili halijitetei.

Mara ya kwanza nilisema unaumwa. Mwezi wa tano nilipoomba tena, Mama Mhuri aliuliza, "Huyu shangazi yako anaugua kwa kalenda? Niletee karatasi ya hospitali yake." Nilihisi pampu nzima inapoa tumboni. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Amefariki, mama." Akaweka mhuri chini. Nilikuwa sijawahi kumwona akiuweka chini.

Baada ya barua yako niliamua kumwambia. Nikaamua Jumatatu, nikaamua Jumatano. Kila nikifika mezani kwake ananiuliza, "Unaendeleaje na msiba?" nami narudi kwenye rafu na sentensi yako moja. Tarehe ya hospitali ikaja, ikapita. Nilimpigia nesi nikamdanganya kwamba nimekosa usafiri. Akasema, "Usafiri? Kijana, njoo hata juu ya punda." Sikwenda.

Halafu pampu ikalia.

Ilikuwa asubuhi, masjala kimya. Mlio mwembamba, mara moja, kama saa ya mkononi. Karani mwenzangu akasema, "Umesikia?" Nikasema sikusikia. Baada ya muda ikalia tena. Wakatazama kile kidude cha kutambua moshi kilicho darini. Dereva akaitwa alete ngazi. Mimi nikaambiwa niishike ngazi, Shangazi, mimi na mgongo wangu. Akapanda, akang'oa betri, akashuka nayo mkononi kama aliyeng'oa jino. Pampu ikalia.

"Si hicho," akasema.

Wakafungua droo. Wakafukua mikoba. Mama Mhuri akatoka ofisini kwake kuuliza masjala imegeuka soko lini. Nilichukua rundo la mafaili nikaenda mwisho wa chumba, ili niwe mbali nao. Ikalia huko. Nikarudi upande wa dirisha. Ikalia dirishani. Karani mwenzangu akasimama, mkono kiunoni.

"Jamani," akasema, "mbona huu mlio unatembea?"

Wote wakanitazama. Jasho lilikuwa limeanza, na sikujua kama ni la woga au ni lile la nesi. Nikaweka mafaili mezani.

"Ni mimi," nikasema. "Nina pampu ya dawa tumboni, kwa ajili ya mgongo. Inakaribia kuisha. Nilitakiwa kwenda kuijaza wiki iliyopita."

Nikaona nikinyamaza hapo sitasema tena maishani.

"Na shangazi yangu hajafa. Yule mliyemkuta, aliyewapikia chai, ndiye yeye."

Dereva alikaa kwenye ngazi. "Mimi nilikunywa chai ya marehemu," akasema taratibu. "Vikombe viwili."

Mama Mhuri alimgeukia dereva. "Toa gari. Mpeleke hospitali. Sasa hivi." Mimi hakunitazama.

Njiani nilitetemeka. Nesi aliponiona alifungua mdomo anitukane, akanitazama vizuri, akaufunga. Alijaza bila maneno, na kwake hiyo ni adhabu kubwa. Wakanilaza mpaka siku ya pili wanitazame. Jambo ambalo lingenichukua siku moja tu, kwenda na kurudi.

Niliporudi kazini, Mama Mhuri aliniweka kitini mbele yake, mlango ukiwa wazi.

"Pampu sina shida nayo," akasema. "Ungenipa tarehe, ningezipanga. Shida yangu ni maiti. Nilisimamisha chumba kizima tumwombee. Nilimshika mkono. Nilimpa pole kwa kifo chake mwenyewe, naye akanishukuru."

"Nisamehe, mama."

"Aliniambia marehemu alikuwa mkali." Akauchukua mhuri, akaukagua. "Kumbe alikuwa anajisifu." Nadhani kuna kitu kilitaka kumtoka usoni, akakirudisha. "Nakuongezea miezi mitatu ya majaribio. Si kwa ugonjwa, kwa uongo. Ukitaka kulalamika, lalamika."

Sikulalamika. Sijathibitishwa, na huenda nisithibitishwe. Naogopa bado. Lakini naogopa kitu kimoja tu sasa, na kina tarehe.

Na mgongo, Shangazi. Nikujibu. Maumivu yapo. Pampu haikuyaondoa. Iliyatoa sebuleni ikayafungia chumba cha uani, nami nayasikia yakisogeza viti. Asubuhi kabla ya kuvaa viatu ndiyo saa mbaya. Dawa inanipa usingizi mchana na tumbo linakuwa gumu. Miaka kadhaa ijayo betri yake itachoka, watanipasua tena waweke nyingine, na sindano ya nesi haitakwisha. Sikukwambia kwa sababu ulitoka hospitali siku ile ukiamini nimepona, na nilipenda kukuona ukiamini. Lakini pia nakwambia hili: kabla ya pampu nilikuwa nahesabu ngazi. Sasa napanda nikiwaza mambo mengine. Yote mawili ni kweli.

Jambo moja lilinipa taabu kuliko adhabu. Wiki hii nzima hawaniachi niguse kitu. Nikinyoosha mkono, karani mwenzangu ameshachukua. Dereva anakuja toka nje kunisukumia toroli. Nilikaa kama yai. Jana nikamwambia msichana jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote waziwazi: "Rafu za juu siwezi. Za chini kabisa siwezi. Za katikati, kuanzia kiunoni mpaka begani, niachieni. Hizo ni zangu."

Alizitazama rafu, akanitazama mimi.

"Si ungesema," akasema. "Tumevunjika migongo yetu kwa kukuhurumia."

Akanisukumia rundo. Nimefanya kazi mpaka jioni, rafu za katikati, chumba kizima.

Mwanao,
anayekuomba radhi akiwa anajua unaishi